Chura wa povu na mpingo: nani kiboko ya kiangazi cha kusini?

MwalimuRuangwa

Wakuu, salaam.

Kijiweni kwetu hapa Ruangwa kumezuka ubishi, nimeona niulete huku. Swali lilikuwa hivi: katika viumbe wote wa pori letu la kusini, yupi anaweza kiangazi kuliko wenzake? Wazee wakautaja mpingo palepale. Mimi nikasema chura. Nilichekwa vya kutosha.

Sasa sisemi chura yeyote. Nasema yule wa kijivu anayeishi mitini, mwenye mapovu meupe yanayoning'inia juu ya madimbwi mvua zikianza. Jina lake la kitaalamu ni Chiromantis xerampelina. Jike anaweza kufika sentimita nane hivi, dume ni mdogo zaidi.

Wenyeji wa Lindi na Mtwara mnajua mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, ikifika Mei imekwisha, na kuanzia hapo ni jua tu hadi mwaka ukaribie kuisha. Nyasi zinageuka makuti, vijito vinabaki mchanga. Vyura wengi wakiona hali hiyo wanajichimbia ardhini au wanajificha penye unyevu. Huyu hajichimbii. Anapanda mtini na kukaa juu ya tawi, mchana kweupe, jua la saa saba likimpiga mgongoni.

Mpingo je? Mpingo (Dalbergia melanoxylon) kiangazi kikikolea unapukutisha majani yote. Pita porini Septemba uone, utadhani umekufa. Yaani mti tunaousifu ndio unaolikimbia jua, na chura tunayemdharau ndiye anayekaa nalo uso kwa uso.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, matusi hapana.

KoroshoDarajaLaKwanza

Uzi bila picha ni batili. Natia kambi hata hivyo.

Mzee wa Nangurukuru

Mwalimu, heshima yako. Lakini hapa umetuchezea. Chura na mti vinalinganishwaje? Kimoja kinaruka, kingine kimesimama. Kimoja kinakula wadudu, kingine kinakula jua. Ukitaka kulinganisha lete mpingo na mninga, au chura na mjusi, hapo tutaelewana.

MwalimuRuangwa

@Mzee wa Nangurukuru shikamoo mzee wangu. Vinalinganishwa kwa sababu tatizo lao ni moja: maji yanatoka mwilini kwenda hewani, na hakuna pa kuyafidia.

Jani la mti lina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Mti ukivifungua unapata hewa ya kutengenezea chakula, lakini mvuke nao unatoka papo hapo. Ukivifunga, maji yanabaki na chakula kinakosekana. Chura naye anapumua kwa mapafu na kwa ngozi, na ngozi ya chura wa kawaida inapitisha maji ovyo. Mweke chura wa mtoni juu ya bati saa sita mchana, hachukui muda.

Kwa hiyo nauliza, kati ya hawa wawili, nani amelitatua vizuri zaidi? Mpingo unaiondoa kabisa sehemu inayovuja, yaani majani. Chura hawezi kuvua ngozi akaiweka pembeni. Ilibidi aibadilishe ngozi yenyewe. Maji yanayompotea mgongoni ni kidogo mno ukimlinganisha na vyura wenzake, watafiti walipompima wakakuta yuko karibu na mijusi kuliko na vyura.

FundiTezo

Mimi ni mchongaji, niko Mikindani. Mwalimu naona hujawahi kuushika mpingo ukiwa na tezo mkononi.

Ukikata gogo lake unaona kwanza ngozi nyembamba, nyeupe kama ya maziwa yaliyolala. Baada ya hapo ndiyo unakutana na kiini, zambarau inayokwenda kwenye weusi. Hapo makali yanakwisha. Tezo unainoa asubuhi, mchana unainoa tena. Vumbi lake linawasha, ukipiga msasa bila kitambaa puani utapiga chafya mpaka usiku. Kipande ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama moja kwa moja. Mchwa wanakipita. Kuvu haziushiki. Mti wa namna hiyo utauambia nini kuhusu jua?

Zamani wazee wetu wa Kimakonde barakoa za mapiko walichonga kwa mti laini, mwepesi, kwa sababu mtu anaivaa kichwani na kucheza nayo. Mpingo ukaja kushika kwa vinyago vya kuuza: shetani, ujamaa, zile nguzo za watu waliopandana. Soko lilitaka kitu kisichooza wala kuliwa, na mpingo ndio uliokuwepo.

MwalimuRuangwa

@FundiTezo nakukubali fundi, ila nikuulize kitu. Gogo bichi likiingia karakana, ncha zake mnazifanyaje?

FundiTezo

Tunazipaka nta. Na linakaa kivulini. Ukiliacha juani linapasuka, hela imekwenda.

MwalimuRuangwa

Basi. Jua limeshinda.

FundiTezo

Mwalimu, hilo limeshakatwa! Hata chura wako nikimbanika juani akiwa maiti atakauka. Usinipindishie.

KoroshoDarajaLaKwanza

Hahahaa fundi kampata. Moja bila.

KijanaMisitu

Ngoja niingie kidogo, nasoma misitu Morogoro, kwetu Liwale.

Fundi na mwalimu mnaongelea sehemu mbili tofauti za mti. Kile kiini cheusi hakipitishi maji tena. Ni mbao iliyokwisha kufa, mti umeijaza kemikali zinazozuia fangasi na wadudu, ndizo hizo zinazokuwasha wewe fundi. Kinachopandisha maji ni ile ngozi nyeupe nyembamba ya nje. Kwa hiyo ugumu wa kinyago hautuambii sana jinsi mti ulio hai unavyopambana na kiangazi.

Kinachotuambia ni mche. Mpingo mchanga ukiota unahangaika na mzizi kwanza. Juu unaona kijiti tu chenye miiba na vijani vichache, huku chini kazi inaendelea. Kiangazi kinakuja, moto unapita, kijiti kinaungua. Mvua inanyesha, mzizi unatoa kijiti kingine. Moto tena. Hali hiyo inaweza kujirudia miaka mingi mpaka siku shina moja linapata nafasi ya kurefuka na kupita kimo cha miali. Ndiyo maana mipingo mingi ina mashina mawili matatu kutoka chini, imepinda na ina mashimo. Gogo lililonyooka ni bahati.

Na mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwani huo ni mti wa jamii ya kunde. Ndiyo maana unaishi kwenye udongo uliochoka, hata kwenye ule mweusi wa mbuga unaotuama maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mwalimu, kwa hoja yangu kura inakwenda kwa mpingo.

Mzee wa Nangurukuru

Huyu kijana anaongea vitu. Mwalimu jibu.

MwalimuRuangwa

Najibu mzee. @KijanaMisitu nakubaliana na wewe kuhusu mzizi, na umenipa njia. Mpingo una ghala chini ya ardhi. Chura hana ghala. Alichonacho yuko nacho mwilini, juu ya tawi. Sasa ona anavyobana matumizi.

Mkojo. Kila mnyama akila protini lazima atupe taka ya naitrojeni. Samaki na viluwiluwi wengi wanatoa amonia, ni sumu, inataka maji mengi kuisukuma nje. Sisi na vyura wengi tunatoa yurea, maji yanayohitajika ni machache zaidi lakini bado yapo. Ndege na mijusi wanatoa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kirahisi, inatoka kama uji mzito na maji yanabaki mwilini. Ile nyeupe kwenye kinyesi cha kuku ndiyo yenyewe. Mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge aliandika kwamba chura huyu wetu anatoa asidi ya yuriki. Kwa chura, hilo lilikuwa jambo la kushangaza watu wa baiolojia.

Rangi. Asubuhi ni wa kijivu au kahawia yenye madoa, umwangalie kwenye gome hutamwona. Jua likipanda anapauka, anapauka, mchana amekuwa mweupe wa chokaa. Weupe unarudisha mwanga. Miguu yote anaikunja chini ya tumbo, vidole havionekani, macho yamebaki mstari. Hapo kilichobaki wazi ni mgongo tu, ile sehemu isiyovuja.

Na kuna hili la mwisho ndilo lililonifanya nimpigie kura. Anaacha mwili upate joto mpaka nyuzi 39 hivi bila kutumia tone. Likipita hapo, tezi za ngozi zinaanza kutoa maji na anajipoza kwa jasho. Maji aliyoyabania miezi anayatumia pale tu ambapo asipoyatumia anakufa.

BintiKilwa

Jamani mimi nimekuwa nikimwona bafuni kwetu kila kiangazi, amebandika ukutani nyuma ya pipa, namfagia kwa ufagio! Kumbe ndiye huyu anayejadiliwa.

Kuhusu povu, sisi utotoni bibi alitukataza kabisa kuligusa, alisema ni mate ya nyoka. Tulikuwa tunapita mbali. Mwenye kujua linavyotengenezwa atuambie, maana hata leo sijawahi kuona mwenyewe anayelitengeneza.

MwalimuRuangwa

@BintiKilwa ni kwa sababu wanafanya usiku, dada. Ukitaka kuona, nenda na tochi kwenye dimbwi lenye mti ulioinamia maji, usiku baada ya mvua kubwa za mwanzo.

Jike anashika tawi juu ya maji, dume amemkumbatia mgongoni, na madume wengine wanajisogeza pembeni nao wachangie. Jike anatoa ute kwenye njia ya mayai, halafu anaukoroga kwa miguu ya nyuma, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ute unaumuka povu. Mayai yanaingia humo humo. Yanafika mamia, wengine wanataga hata elfu. Kazi ni ya muda mrefu na inakula maji, kwa hiyo katikati jike anateremka dimbwini. Hanywi kwa mdomo. Anakaa, maji yanaingia kupitia ngozi ya tumbo. Akishajaa anapanda tena kuendelea. Na watoto wanaotoka kwenye povu moja huwa wana baba zaidi ya mmoja.

Asubuhi unakuta bonge jeupe, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, linaning'inia. Ukiligusa kesho yake nje ni gamba kavu, linatoa sauti kama karatasi. Ndani bado ni majimaji. Viluwiluwi wanaanguliwa mle, na baada ya siku nne mpaka sita hivi upande wa chini unalainika, wanaanza kudondoka mmoja mmoja ndani ya dimbwi. Samaki na wadudu wa majini wamekosa mayai.

FundiTezo

Na kama dimbwi limekauka ndani ya hizo siku?

MwalimuRuangwa

Wanadondokea kwenye tope, ndiyo mwisho wao. Hapo ndipo chura anapocheza kamari kuliko mpingo.

KijanaMisitu

Hapo mwalimu umegusa kitu ambacho ubishi wa kiangazi unakificha. Muda wao haufanani hata kidogo. Chura mvua ikiharibika mwaka huu, mwakani atajaribu tena, na vizazi vinapishana haraka. Mpingo unataka miaka 70 hadi 100 kufika unene wa kuvunwa.

Niwape mfano wa hapahapa. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakang'oa pori. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 mradi ukafa, reli nayo baadaye ikang'olewa. Sasa chukua mbegu ya mpingo iliyoota pale mwaka ule mradi ulipokufa. Leo ndiyo kwanza mti unaingia umri wa kuangaliwa na mvunaji, na hiyo ni kama moto ulikuwa na huruma.

Mzee wa Nangurukuru

Reli ile nimeisikia kwa marehemu baba. Karanga zenyewe hatukuziona.

BintiKilwa

Kijana amesema moto, na mimi niongeze kwa sababu kijijini kwetu tuna msitu wa hifadhi ya kijiji.

Moto kichaa wa Septemba na Oktoba ndio adui. Nyasi zimekauka kabisa, mtu anawasha akisafisha shamba au akiwinda panya, upepo unabeba, pori linaungua siku nzima. Tulichofundishwa ni kuchoma mapema, mwezi wa tano na wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto unatambaa chini, unakula vipande vipande, jioni unazimika wenyewe. Ule mkubwa ukija baadaye unakuta hakuna cha kula. Miche inapona.

Na faida tumeiona kwa macho. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake na mapato yakabaki kijijini. Huku Kilwa kuna shirika la mpingo, MCDI, lilisaidia vijiji kupima na kupanga uvunaji, na mwaka 2009 misitu ya vijiji ikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa vizuri. Mpingo unakwenda nje kutengenezwa klarineti na obo, zile ala za muziki za kupuliza. Kabla ya hapo gogo lilikuwa linaondoka usiku kwa bei ya kutupwa, sisi tunabaki na visiki.

Kwa hiyo mimi kura yangu mpingo. Chura hajawahi kuchimba kisima kijijini, mpingo umechimba.

KoroshoDarajaLaKwanza

Dada umeua. Mbili bila.

MwalimuRuangwa

@BintiKilwa kisima ni hoja nzito, siipingi. Lakini kijiweni hatukuuliza nani ana faida kwetu. Tuliuliza nani anaweza kiangazi. Tukianza kuhesabu faida, mpingo wenyewe unaumizwa na hizo faida. Chura kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini hana wasiwasi, yuko kuanzia pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini. Mpingo unaota kutoka Senegali mpaka Afrika Kusini, eneo kubwa kuliko la chura, na bado umewekwa kundi la wanaokaribia hatari. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake ya nje inataka kibali. Jua halikuufikisha hapo. Msumeno ndio umeufikisha.

KijanaMisitu

Mwalimu, na upotevu. Gogo la mpingo likiingia kiwandani, kinachotoka kikiwa kipande safi cha klarineti ni sehemu ndogo sana, kwa sababu ya zile nyufa, mashimo na kupinda nilikosema. Wanunuzi wanataka kipande kisicho na dosari hata moja. Mchongaji kama fundi ana akili zaidi, kasoro anaigeuza kuwa mkono wa shetani.

FundiTezo

Hapo umenena. Gogo likiwa na shimo mimi nalifurahia, nusu ya kazi imeshafanywa.

MkulimaMasasi

Nimesoma uzi wote toka juu, asanteni. Mimi nina ekari za mikorosho na mpaka mmoja unateremkia bondeni, kuna dimbwi la msimu na hayo mapovu huwa nayaona. Nataka kupanda mpingo kwenye mpaka huo. Nianzeje? Kuna aliyeniambia mbegu lazima ichemshwe.

KijanaMisitu

@MkulimaMasasi usichemshe. Chuma maganda yakishakuwa makavu ya kahawia, ni membamba kama karatasi, ndani kuna mbegu moja au mbili. Mbegu mpya inaota bila shida, ukipenda iloweke kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Otesha kwenye viriba, hamishia shambani mvua zikishika.

Mambo mawili uyazingatie. Usiuweke chini ya mikorosho, unataka jua. Na palilia duara pana kuzunguka kila mche kabla ya mwezi wa saba, acha udongo mtupu, moto usipate njia. Miaka ya mwanzo utaona haukui, usiung'oe.

BintiKilwa

Na mbuzi. Funga mbuzi.

MkulimaMasasi

Nimeelewa. Dimbwi nalo nilikuwa nataka kulifukia niongeze mistari miwili ya mikorosho, nitaliacha. Mwalimu kura moja hiyo umepata.

MwalimuRuangwa

Ya kwanza tangu nianzishe uzi! Nashukuru mkuu.

FundiTezo

@MkulimaMasasi mpingo ukikomaa usimpe mtu mwingine, mimi niko Mikindani, niweke wa kwanza kwenye foleni.

MkulimaMasasi

Fundi, foleni naifungua leo, ila leta jina la mjukuu.